Kaburi la Kuzuia Barabara

Jumatatu, 3 Februari
Kikao cha mtaa, hapa Buswelu. Mwenyekiti Nestory katangaza kwamba ramani yetu ya mipango miji haisubiri tena Dodoma. Mkoa umepewa mamlaka, utaidhinisha wenyewe, hapa hapa Mwanza. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Kisha akafungua rasimu. Barabara inapita juu ya chumba changu! Chumba alichonijengea mama Desemba, baada ya miaka yote ya kulala na wadogo zangu watatu na mikojo yao. Ng'ambo ya ua wa minyaa, kwa jirani yetu mzee Venant, haigusi hata jani. Venant kacheka, eti binti, anza kukunja godoro. Nilitaka kumjibu. Nikaangalia viatu.

Jumanne, 4 Februari
Nimekumbuka: barabara hukwepa makaburi. Sisi hatuna hata moja. Uzembe wa ukoo! Jioni, mama akiwa sokoni, nimejenga moja mbele ya chumba changu. Udongo, mawe, msalaba wa mbao za kitanda kibovu. Nimeandika kwa Kiingereza. Marehemu mwenye Kiingereza haonewi.

Jumatano, 5 Februari
Balaa! Asubuhi jirani, mama Gladness, kachungulia, kaona kaburi, kapiga yowe. Mara uani wako akina mama kumi na mmoja, khanga viunoni, wamenuna. Wanauliza, yaani tumezika kimya kimya, kwani majirani wamekuwa mbwa? Mama akanitazama. Alishajua. Kabla hajafungua mdomo, mpimaji wa barabara akaingia. Akavua kofia, akampa pole. Mama akatazama rasimu, akatazama chumba changu, akajibu kwamba asante, ni mapenzi ya Mungu. Nampenda mama yangu! Wageni walipoondoka kanisema mpaka uji ukapoa. Lakini barabara imehamia kwa Venant.

Jumatatu, 24 Februari
Rasimu mpya imebandikwa ofisi ya mtaa. Kiwanja chetu chote ni kijani: MAKABURI YA MTAA. Nyumba nzima itavunjwa! Venant barabara imemfikia mlangoni, anajenga duka. Kanipungia mkono. Marekebisho mwisho Ijumaa saa nne, mpimaji akipita tena, kisha ramani inapelekwa mkoani kusainiwa. Enzi za Dodoma ningeolewa na kupata wajukuu kabla haijarudi. Mama kasema niende mwenyewe kwa afisa mipango miji, niseme kweli. Sentensi moja tu.

Jumatano, 26 Februari
Nimekwenda. Foleni ndefu. Sentensi nimeikariri kwa lugha zote mbili. Afisa, dada mpole kabisa, kaniuliza nina shida gani. Nikamuuliza choo kiko wapi. Nyumbani nimemwambia mama kwamba limeeleweka.

Alhamisi, 27 Februari
Kweli inataka mdomo, na mimi nina mikono. Nimepata njia: chekechea! Nani ataweka makaburi ya mtaa palipo na shule? Kibao kimeshakauka. Wadogo zangu wamekubali kuwa wanafunzi, kwa pipi. Nahitaji wengine tisa kabla ya kesho saa nne.