Akaunti ya Siri ya Mama Winny

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Nimepata! Nilikuwa natafuta kiberiti jikoni. Mkono ukaingia ndani ya gambuti la marehemu mke wangu Tecla, nyuma ya mlango. Kwa nini kiberiti kikae ndani ya gambuti? Sijui. Mkono uliingia tu. Ukatoka na risiti ya benki moja ya Kericho mjini. Muhuri wa mwezi wa tano mwaka huu. Shilingi elfu moja na mia mbili. Jina la mwenye akaunti limelowa maji, halisomeki. Namba ya akaunti ipo, isipokuwa tarakimu ya mwisho. Panya ameila.

Miaka ishirini na miwili ya ndoa! Mimi kila mwezi naambiwa pesa za majani ya chai zimeisha, mbolea imekula, karo ya Winny imekula. Kumbe mama Winny alikuwa na benki yake.

Ni wiki ya sita tangu tumzike. Tangu siku ile usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Nilidhani ni huzuni. Sasa naona ni hii akaunti. Mwili ulikuwa unajua.

Sijamwambia mtu. Roret hii ukikohoa asubuhi, saa nne wanakuletea dawa.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimewaza nani anajua. Wa kwanza ni shemeji Dorcus, dada mkubwa wa Tecla. Alikuja kutoka Kipkelion kwa mazishi, akabaki kutusaidia na ng'ombe. Mama mpole, wa kanisa. Hao ndio wa kuogopwa.

Leo chakula cha mchana ananiambia kesho anarudi kwake. Kesho! Siku mbili baada ya risiti kuonekana! Nikamuuliza haraka ya nini. Akasema mahindi yake yanaoza shambani. Nikamtazama machoni. Akaniuliza kama jicho linaniuma.

Jumatano, 9 Oktoba

Nilijitolea kumbebea Dorcus mkoba wake mpaka barabarani. Alishangaa, maana sijawahi kubeba kitu cha mwanamke. Katikati ya njia akakumbuka mwavuli, akarudi nyumbani. Mungu mwenyewe alinifungulia mlango! Nikajibanza kwenye ua wa miiba ya kaiyaba, nikafungua mkoba.

Viazi. Sweta. Biblia (nimeikung'uta, hakuna kitu). Chini kabisa, kitambaa cha kichwa cha Tecla, kile cha maua ya buluu. Nikakikung'uta pia. Hakuna karatasi. Kina harufu ya moshi na mafuta yake ya kujipaka. Nikakishika kidogo, kwa uchunguzi.

Nikageuka. Dorcus amesimama na mwavuli wake.

Ni aibu kwetu mtu kupekua mzigo wa shemeji yake. Nilingoja anitukane. Akasema polepole, "Shemeji, kama ulitaka kitambaa cha dada yangu, ungeniomba tu."

Nikasema ndiyo, nilikuwa naogopa kuomba. Ningesema nini? Akanipa, akaanza kulia pale njiani. Na mimi macho yalijaa maji kwa sababu ya vumbi.

(Mvua ilikuwa imenyesha. Lakini kuna vumbi la aina nyingi.)

Dorcus nimemfuta kwenye orodha. Kwa penseli.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nyamoita! Nimechelewa wapi kumfikiria? Jirani yetu, Mkisii, shamba lake la chai limepakana na letu. Mhazini wa chama cha akina mama. Na mwezi uliopita jikoni kwake kumepanda mabati mapya. Mapya!

Nilienda na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na sura ya msiba. Nikamwambia kwa ujanja kwamba Tecla amenijia ndotoni, akasema kuna kitu chake kwa Nyamoita.

Mama wa watu alishtuka mpaka akakalia kuni. Akasema, "Kweli mzee, kipo. Nisamehe, nilikuwa nangoja msiba upoe." Akaingia ndani. Nikasogea karibu na mlango.

Akatoka na kapu la kuchunia majani na aproni kuukuu ya plastiki.

Ati Tecla alikuwa anamchunia majani kwa malipo. Kila Jumatano, miaka minne. Nikamwambia Jumatano Tecla alikuwa kwa maombi ya akina mama. Nyamoita akanitazama kama mtu anayetazama ndama aliyeingia kanisani. Akasema maombi ya akina mama ni Alhamisi. Tangu zamani.

Uongo mtupu. Mwenye ekari moja na nusu ya chai yake mwenyewe, aende kuchuna ya jirani kama kibarua? Nyamoita anaficha kitu. Nimerudi na kapu. Nimelitoboa chini. Hakuna kitu, na sasa limetoboka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kericho. Suti ya harusi, tai ya Winny ya shule. Pale benki nikauliza juu juu tu namna ya kuuliza akaunti ya marehemu. Karani akasema nilete cheti cha kifo, barua ya chifu na karatasi ya mahakama.

Haiwezekani. Chifu akijua, mke wake anajua. Mke wake akijua, tangazo liko kanisani. Na mahakamani ni lazima Winny aambiwe. Mtoto yuko chuo cha ualimu, sitaki asumbuliwe na mambo ya pesa. Hasa pesa nyingi.

Lakini nilipokuwa kwenye foleni nimeona jambo. Mtu akitaka kutoa pesa, wanamhoji kama mwizi. Akitaka kuweka, hawamwulizi kitu! Basi nitaweka. Tarakimu za kujaribu haziwezi kuzidi kumi. Nitaweka hamsini hamsini mpaka jina la Tecla litajwe. Hata wazungu hawakufikiria hili.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimetumia namba inayoishia sifuri. Shilingi hamsini. Karani, msichana anaitwa Judy, kibao kifuani, akagonga muhuri, akanipa risiti. Hakutaja jina lolote.

Nikarudi foleni. Inayoishia moja. Hamsini. Muhuri. Kimya.

Mbili. Hamsini. Kimya. Nimeshasaidia watu watatu nisiowajua, na hawatawahi kunishukuru.

Mara ya nne Judy akaweka kalamu chini. Akauliza ninamwekea nani. Nikasema jamaa. Jamaa gani? Nikasema jamaa wengi. Askari wa mlangoni akaanza kusogea. Nikapelekwa kwa meneja.

Meneja ni mtu mnene, mtaratibu. Aliitisha kitambulisho na ile risiti ya panya, akatoka. Akarudi na faili.

"Mzee Gibson, hii akaunti ni yako."

Nilisimama! Tecla aliniwekea mimi! Kwa jina langu! Nikamwambia anipe zote, noti kubwa kubwa.

Akasema hakuna ya kunipa. Ni akaunti ya mkopo.

Hapa nitaandika kidogo tu. Mwaka wa 1991 nilichukua mkopo wa kununua mashine ya posho, ya kusaga mahindi. Mashine ilipatikana. Injini yake, mwenye kuuza alisema anaifuata Litein, na bado anaifuata. Dhamana ilikuwa hati ya shamba letu. Tecla nilimwambia hati iko kwa mpima ardhi. Nikalipa mara mbili. Baada ya hapo barua za benki zilikuja nyingi, nami nikaacha kwenda posta. Baadaye zikaacha kuja. Nikajua wamesahau. Benki ina watu wengi.

Hawakusahau. Kuna mtu alikuwa analipa. Kila mwezi, miaka minne. Meneja akanigeuzia faili nione sahihi. T, halafu ule mkia wake mrefu.

Malipo ya mwisho, yaliyomaliza deni, ni ya Julai. Julai Tecla alikuwa hawezi kufika hata kisimani bila kupumzika. Meneja anakumbuka, akasema alikuja ameshikwa mkono na msichana. Wakampa kiti.

Akanipa hati yangu ya shamba. Akanishika mkono, akasema mkopo uliolipwa vile ni nadra, na benki inapenda wateja wa namna hiyo.

Nikakaa nje kwenye ngazi mpaka askari akaniuliza kama naumwa. Miaka minne. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, nami nilidhani ni chai yetu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Winny amekuja kwa wikendi. Nilimbana mara moja. Msichana aliyemshika Tecla mkono ni nani kama si yeye? Hakukataa. Mama yake alisoma barua ya kwanza kabisa ya benki, akairudisha kwenye bahasha, akaifunga kwa uji.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Mimi ni mume wake!

Winny akasema, "Mama alisema ukijua mkopo umeisha, utachukua mwingine."

Nilikasirika sana. Kama vile mimi ni mtoto! Kama vile sina akili! Nilitaka kusimama nijitetee, lakini nikabaki nimekaa, kwa sababu fomu ingeonekana mfukoni.

Ni fomu ndogo. Meneja mwenyewe amesema wanapenda wateja kama mimi. Kuna mashine ya kutotoa vifaranga inauzwa Kabianga, mayai mia mbili kwa wakati mmoja. Inatumia stima. Stima Roret bado, lakini italetwa, na itakaponikuta niko tayari watu watanyamaza. Hati nimeshairudisha benki jana, ili isipotee hapa nyumbani.

Winny amelia, akanikumbatia, akasema nisiwe peke yangu tena na siri. Nikamwahidi.

Kimebaki kitu kimoja. Fomu inataka sahihi ya mtu wa familia. Nimeikunja vizuri sehemu ya juu, iliyobaki inafanana na karatasi ya michango ya kanisa. Nimeiweka mezani na kalamu juu yake.

Sasa anapika chai. Mara tatu ameacha sufuria akachungulia mlangoni kunitazama. Mara moja aliitazama karatasi.

Huyu mtoto ananishuku. Sijui tabia hiyo ameitoa wapi.