Waya wa Tatu ni wa Akiba

Jumatatu, 4 Machi

Magoti ya Shangazi yamegoma. Hadharani, mbele ya wateja! Miaka ishirini anakanyaga kile kibao kinachozungusha jiwe la kunolea, juu chini, juu chini, visu vya mtaa mzima vinapita mikononi mwake. Leo kashuka, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katuita wawili: mimi na binti yake.

Katangaza. Anataka mashine ya msasa wa mkanda. Ukanda wa msasa unazunguka kwenye magurudumu, wewe unashika kisu tu na kupiga umbea. Fremu mbili zipo, fundi wa mageti keshazichomelea. Kinachotakiwa ni mota, na kitu cha kupunguza na kuongeza kasi. Kila mmoja wetu achague vyake. Jumamosi saa nne asubuhi tunoe mbele yake. Mshindi anapewa ufunguo wa karakana.

Nikauliza, kwa adabu, anayeshindwa anapewa nini. Shangazi kasema binti yake akishindwa atatafuta kazi kwingine, chuo cha ufundi si amemaliza? Na mimi, mtoto wa kaka yake, nitarudi kwa kaka yake.

Yaani kwa baba. Kuokota mayai. Kuku mia nne! Kuna jogoo pale ananichukia mimi binafsi.

Lakini hofu ya nini? Mpinzani wangu ni binamu yangu, Daftari. Tunamwita hivyo kwa sababu hata akipiga chafya anaiandika. Kanizidi miezi miwili, anajifanya kanizidi karne. Mimi na shule tuliachana kwa amani kidato cha pili, kila mmoja akamtakia mwenzake heri. Ufundi uko kwenye damu. Ufunguo ni wangu. Nimeshachagua na msumari wa kuutundikia.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mota! Mnyama!

Nilifika kwa Mzee wa Skrepa kabla hajamaliza kupiga mswaki. Kaniuliza nataka mota ya nguvu za farasi wangapi. Nikamwambia wote alionao. Kanitazama juu mpaka chini, akasimama chini. Pale kwenye viatu vyangu. Vyeusi, vya kuchongoka, vinavyong'aa hata gizani.

Kanionyesha mbili. Ya kwanza imefunikwa kila upande, kama mtu anayeumwa baridi. Kibati chake kimeandikwa 1400. Ya pili ina matundu pande zote na kibati chake kinasema 2800. Mzee kasema hizo ni mizunguko kwa dakika. Sasa mwenye akili timamu atachukua 1400 na 2800 ipo? Mzee kasema hiyo yenye matundu ilikuwa ya feni ya ghala, na kwa kazi ya kunoa vumbi la chuma litaingia ndani. Nikamwambia mota lazima ipumue. Karudia mswaki wake. Nilimshinda kwa hoja.

Tumebadilishana. Mota yangu, viatu vyake. Nimerudi na ndala, mnyama begani.

Mlangoni nikapishana na Daftari anaenda kulekule. Jioni karudi na ile ya 1400, iliyojifunika. Masikini! Kachukua makombo yangu. Nimemhurumia kwa dakika nzima.

Kaipitia mota yangu kwa macho, kasema hiyo ni ya nyaya tatu. Yake pia ni ya nyaya tatu, lakini yeye anachukua kisanduku maalumu: umeme unaingia kwa nyaya mbili za ukutani, unatoka kwa tatu, na kasi unaipanga kwa kitufe. Kasema bila kisanduku cha namna hiyo mota yangu itaguna tu. Tena kajitolea kunisaidia kutafuta cha kwangu.

Msaada! Mpinzani! Nikacheka mpaka ndala ikavuka.

Jumatano, 6 Machi

Nimefunga mota kwenye fremu. Nimeweka gurudumu kubwa kuliko yote, maana gurudumu kubwa mkanda unakimbia zaidi. Kisha umeme. Mota ina nyaya tatu, ukuta una mbili. Watu wa chuo hapo wanaanza kutafuta visanduku. Mimi nimeunga mbili, wa tatu nimeuzungushia utepe wa umeme nikauacha. Wa akiba. Hata gari lina tairi la akiba na halilalamiki.

Nikawasha. Mota ikaguna. Mmmmmmm. Kama baba akiombwa ruhusa.

Daftari alikuwa mlangoni anakunywa chai. Alikunywa kwa namna ya kusema kitu.

Sikukata tamaa. Kitu kinachoguna kinataka kutiwa moyo. Nikashika mkanda kwa mkono nikauvuta kwa nguvu, hap! Mnyama akaamka! Karakana ikatetemeka, makopo yakacheza, Shangazi katoka mbio na kijiko mkononi akidhani lori limeingia. Nikamwambia ndiyo mashine hiyo. Kauliza mbona inawashwa kwa kusukumwa. Nikamjibu kwamba hata vitu vya fahari vinaanza kwa msukumo. Kakuna kichwa kwa kijiko.

Bado kitufe cha kasi. Hapo ndipo ujanja wangu ulipofunga mjadala. Kuna kisanduku kipo ukutani karakanani tangu sijazaliwa, kina kitufe cha kuzungusha, namba moja mpaka tano, kazi yake kasi. Cha feni ya darini. Daftari anazunguka mji mzima kutafuta kitu ambacho tunakigusa kila siku! Shangazi alipoenda kwa daktari wa magoti nikakifungua. Tundu nimelifunika kwa kalenda.

Alasiri feni haikuwaka. Shangazi kauliza. Nikasema panya. Kasema panya wa siku hizi wanajua na bisibisi. Nikakubali kwamba dunia imeharibika.

Nimechungulia pia daftari la Daftari alipokwenda kunawa. Michoro, mishale, mahesabu. Katikati kaandika neno POLEPOLE, kalizungushia mduara mara tatu. Polepole! Mtu anatengeneza mashine ili iende polepole! Kwa nini asichore kobe tu?

Alhamisi, 7 Machi

Mambo mchanganyiko.

Kisanduku cha feni kilidumu dakika nne. Namba moja, mota ikaguna. Namba mbili, ikaguna kwa huzuni. Namba tatu, harufu ya ndala inayoungua. Nikatazama ndala zangu. Zilikuwa salama.

Basi nimeunganisha nyaya moja kwa moja nyuma ya kisanduku, kitufe nimekiacha mbele. Kinazunguka vizuri sana. Hakibadilishi chochote, lakini kinazunguka. Jumamosi nitakizungusha taratibu huku nikitangaza kasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nitapandisha sauti kidogo kila namba. Watu husikiliza kwa macho.

Saa tano kaja Kinyozi wa jirani na mkasi wake anaoupenda kuliko mkewe, na mkewe anajua. Shangazi hayupo, Daftari kaenda kuchukua kisanduku chake. Mteja wangu wa kwanza! Nikavuta mkanda, hap! Cheche mpaka dirishani! Ilichukua kufumba na kufumbua. Ncha za mkasi zikageuka rangi: manjano, zambarau, kisha buluu nzito ya kupendeza.

Kinyozi kauliza hiyo buluu imetoka wapi. Nikamwambia ni makali ya kisasa, buluu maana yake chuma kimeiva. Kaunyanyua kwenye mwanga. Kaupenda! Kasema vinyozi wenzake watakufa kwa kijicho. Kaondoka akiukatakata hewani.

Jioni watatu wamekuja kuuliza kama nanoa buluu. Watatu! Kwa siku moja nimeanzisha fasheni. Daftari kasema buluu maana yake chuma kimeungua, ugumu wote umekwenda, na ndiyo maana mkanda unatakiwa uende polepole. Nikamwuliza yeye ameleta wateja wangapi wiki hii. Akaandika kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Kinyozi karudi. Kaja na mteja wake, kichwa nusu kimenyolewa, nusu msitu. Kasema mkasi hausikii. Nywele unazikunja kama karatasi ya barua. Jana ulikata vichwa viwili, leo hata sharubu zinaucheka. Kasema maneno mengine ambayo daftari hili halistahili.

Nikamwambia buluu inahitaji kuzoewa. Yule mwenye kichwa nusu akauliza azoee mpaka lini, kesho anakwenda kuposa. Daftari akaenda kuwamiminia chai.

Nikakimbilia mnyama wangu. Kinyozi akakumbatia mkasi kifuani, kasema juu ya maiti yake. Basi sikuwa na njia. Nimekaa kwenye lile jiwe la zamani. Nikakanyaga. Juu chini, juu chini. Tone la maji, jiwe, tone la maji. Saa mbili nzima naondoa buluu, naangalia ncha, nasikiliza jiwe linavyobadilisha sauti chuma kikikubali. Unajua kwa kidole, huwezi kueleza. Nilisahau hata kujisifu.

Kinyozi kaujaribu kwenye unywele mmoja. Ukakatika bila yeye kubana. Kaujaribu tena. Bwana harusi mtarajiwa kamaliziwa kunyolewa palepale juu ya ndoo.

Nikageuka, Shangazi yupo mlangoni na fimbo yake. Sijui alisimama tangu lini. Kauchukua mkasi, kapitisha ukucha, kasema hayo ni makali mazuri kuliko yote yaliyotoka hapa mwaka huu. Akaenda zake.

Bahati mbaya iliyoje! Sifa zote hizo, na hakuna mashine hata moja iliyohusika.

Kesho ndiyo siku. Mzee wa Skrepa kapita na viatu vyangu. Anachechemea. Vinambana. Vimvumilie tu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa utulivu.

Saa nne. Shangazi kwenye ndoo. Kinyozi kaja kutazama, kasimama mbali. Kila mmoja kapewa kisu kibovu cha jikoni. Daftari kaanza. Kawasha, mota yake haikusema kitu. Kazungusha kitufe kidogo, mkanda ukaanza kutembea kama mtu anayetoka kula. Kazungusha tena, ukakimbia. Kakausha jasho, karudisha polepole, kamalizia ncha. Kisu hata joto hakina. Shangazi kakata nacho karatasi, kisha kajaribu mashine mwenyewe, kakaa palepale kwenye ndoo, magoti hayana habari. Alitabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Zamu yangu. Nikatoa hotuba fupi. Nikawasha. Mmmmmm. Nikashika mkanda. Sasa, sijui ni macho ya watu au jasho la mikono. Siku zote nauvuta kuja chini. Leo niliuvuta kwenda juu.

Kumbe mota ya nyaya tatu ukiiunga mbili haina msimamo! Ukiisukuma kulia inakwenda kulia, ukiisukuma kushoto inakwenda kushoto, kama mpiga kura. Sikugundua. Nikazungusha kitufe, nikatangaza kasi ya kwanza. Nikapandisha sauti, kasi ya pili. Daftari kanong'ona kwamba kilichobadilika ni sauti yangu peke yake. Nikaweka kisu.

Mkanda ukaninyang'anya. Kisu kikapaa! Fyuuu, juu, kikachoma dari, kikabaki kinatetemeka kando ya feni.

Sote tukatazama juu. Shangazi akaitazama feni. Halafu waya wa feni, taratibu, unavyoshuka ukutani. Halafu kalenda. Katumia ncha ya fimbo kuinua kalenda. Halafu akatazama kisanduku kwenye mashine yangu, namba moja mpaka tano. Kasema leo amemwona panya.

Hapo mota ikatoa moshi kwa matundu yote. Ilikuwa inapumua.

Ufunguo kapewa Daftari. Niliukodolea macho mpaka ulipoingia mfukoni. Lakini hapo Shangazi kasema jambo ambalo sikulitegemea. Kasema mikono ninayo, jana kaiona, masikio ndiyo yako likizo. Kasema kuna mikasi na visu vya thamani visivyotaka mashine kabisa, na magoti yake hayawezi tena. Nikitaka nibaki. Nikae kwenye jiwe mwaka mmoja, chini ya Daftari, nisiguse waya. Daftari naye kasema atafurahi, kwamba yeye makali kama yale ya jana hawezi. Kasema kweli, hakuandika.

Nikafuta macho kwa mkono wa shati. Moshi huo.

Nikawajibu kwamba injinia hakanyagi kibao. Shangazi kasema sawa, mwanangu, msalimie baba yako. Mchana kaipeleka mota iliyoungua kwa Mzee wa Skrepa, karudi na viatu vyangu, kavipiga rangi mwenyewe, kaviweka karibu na begi langu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika. Jogoo ananikumbuka.

Baba kanitazama miguu. Iko peku. Kauliza viatu viko wapi, maana shangazi yako kasema kwenye simu umeondoka navyo, vinang'aa. Nikamwambia injinia hatazami chini. Kauliza na hilo furushi zito begani ni nini.

Nikamketisha nikamweleza. Kuku mia nne. Mayai kila asubuhi. Watu wazima tunainama kuokota moja moja, karne hii! Nimeshapima: mkanda mmoja mrefu kutoka bandani hadi jikoni, mayai yanapanda yenyewe, yanakuja kwa kasi. Mzee wa Skrepa alikuwa na mota moja imebaki, kubwa kuliko ya kwanza, na mjukuu wake miguu ni saizi yangu.

Baba kachungulia. Kauliza mbona ina nyaya tatu, na ukuta wa banda una mbili.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hilo nilishalitatua.