Wafu wa Kuazima

Jumatatu, 4 Novemba

Dada Velta kapiga simu kutoka Jelgava. Hakunijulia hali. Kasema moja kwa moja kwamba amechoka na nyumba ya marehemu mama, amechoka na wageni ninaowapangisha, wanaokwenda kuandika mtandaoni kwamba ni baridi na inanuka kabichi. Jumapili hii, siku ya Mtakatifu Martini, anakuja kula bata bukini na kutia sahihi. Nyumba inauzwa. Na mnunuzi ni nani? Zenta! Zenta wa mlango wa pili! Huyo aliyeitamani sebule yetu tangu mama yu hai!

Nikamuuliza Velta mimi nitalala wapi. Kasema mtu mwenye mvi kichwani atajua mwenyewe.

Nikambembeleza. Nikamwambia kesho wanafika Wareno, mume na mke, wako kwenye safari yao ndefu, wametoka Vilnius wanakwenda Tallinn na mbele zaidi, hapa Riga wanapumzika siku chache tu. Wakiisifu nyumba, je? Nikasikia anatafuna kitu. Mwisho kasema haya basi, wakisifu, hauzi. Wakilalamika, nisije kumlilia.

Sifa! Nitazitoa wapi? Nyumba ya mbao, jiko la kuni, sakafu inalia ukikanyaga. Zenta naye ana bafu jipya na vitambaa vya kufuma mpaka chooni.

Jioni wazo likanijia. Lo, wazo! Wareno waliniandikia kwamba wameshiba makanisa na makumbusho, wanataka kuona jambo la kweli la wenyeji. Na haya si majira ya mizimu? Nitawafanyia tambiko. Zenta na vitambaa vyake ajinyonge.

Jumanne, 5 Novemba

Bibi yangu kule Kurzeme alilifanya tambiko hili kila vuli. Mavuno yakiisha na ukungu ukishuka, meza huandaliwa, mshumaa huwashwa, wafu wa nyumba huitwa kwa majina waje wale. Watu hukaa kimya. Kisha mwenye nyumba huwaaga: mmekula, mmekunywa, sasa shikeni njia yenu, msikanyage shamba. Kuaga ni lazima. Bibi alisema ukimwita mfu usimuage, umemkaribisha kuishi.

Shida yangu ni majina. Wafu wangu wachache, na wa mbele kabisa ni mama. Mama simwiti ng'o! Namjua mimi. Angeanza kunisema mbele ya wageni hata kabla hajavuta kiti.

Nikavuka reli ya tramu, nikaenda makaburini kuazima. Nikapata Kapteni Indriķis, jiwe lake limechongwa nanga. Nikapata Bi Otīlija, uzio wa chuma, mtu wa heshima zake. Wa tatu jiwe lake limemezwa na kuvumwani, jina halisomeki. Nikaona hata huyo atafaa, viti vitatu vinapendeza kuliko viwili. Si ndugu zangu, kweli. Lakini mfu ni mfu, atajuaje?

Wareno wamefika, wamelowa chapachapa. Mume anaitwa Evaristo, mnene, mpole. Mkewe Benedita anashikashika kila kitu. Kashika jiko, kauliza kama joto huwa linapanda. Nikasema linapanda sasa hivi. Kalala na koti.

Jumatano, 6 Novemba

Saa kumi na moja jioni na giza limeshatanda. Vizuri sana. Meza: njegere za kijivu na vipande vya nyama ya nguruwe, mkate mweusi, bia. Upande huu sisi watatu, upande ule viti vitatu vitupu na sahani zilizojaa. Nikavaa shati la kitani la babu. Wareno wamekunja mikono kama kanisani.

Nikaita. Sauti yangu ilitoka nzuri, nilijisikia mwenyewe. Kapteni Indriķis, njoo ule. Bi Otīlija, njoo ule. Nilipofika kwa wa tatu nikababaika, nikasema, na wewe wa pembeni, usiye na jina, njoo nawe. Moto wa mshumaa ukalala ubavu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikafurahi, nikadhani ni bahati.

Mara mlango unagongwa, ngo ngo ngo! Zenta! Kasema ananusa moshi, eti nataka kuichoma nyumba kabla haijawa yake. Nikamwambia pua yake ndefu kuliko haki yake. Akaniambia mimi nilizaliwa na akili za kuazima. Tulitupiana maneno pale ngazini mpaka koo likanikauka, akaondoka akisema tutaonana Jumapili, bwana mwenye nyumba.

Niliporudi Wareno wamekaa vilevile, hawasemi, macho yamewatoka. Sahani zote sita nyeupe, hata mafuta hakuna. Yaani wamekula na sehemu ya wafu! Kilikuwa chakula changu cha kesho. Nikaosha vyombo kwa hasira, nikaingia kwenye kijistoo changu nyuma ya jikoni, nikalala.

Alhamisi, 7 Novemba

Nyumba ina joto! Sikuwasha jiko mimi.

Benedita kanishika mikono miwili asubuhi, kanishukuru. Kasema yule mama mzee anayekaa jikoni ni dhahabu, anachochea moto hata haombwi. Kauliza ni shangazi yangu? Nikajibu ndiyo. Sifa ikija mlangoni huiulizi imetoka wapi. Baadaye ndipo nikajiuliza, mama mzee gani?

Zenta, nani mwingine! Ana ufunguo wa kuchonga, anaingia kuniibia wageni! Nikaenda kumgongea. Kafungua na vibanio kichwani. Kasema kuliko kuingia jikoni kwangu bora aingie bwawani. Halafu naye akageuza kibao: niache kuwaruhusu watu wangu kupanda na viatu vichafu. Mtu gani? Yule mwenye mabuti, kasema, anapanda na kushuka tangu alfajiri, hasalimii. Akanionyesha chini. Ngazini kuna mchanga. Mchanga mweupe, mbichi, wa pwani. Bahari iko mbali na sisi.

Nikafagia.

Mchana Evaristo akanivuta kando, kwa adabu zake zote. Kasema hataki kuingilia mambo ya familia, lakini yule bwana wa tatu, anayesimama kwenye kona akitazama ukuta, amekosewa nini? Kwa nini hapewi kiti?

Nikatazama kona. Kona tu, na ufagio. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mungu wangu! Zenta alipogonga nilikuwa sijawaaga!

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeamka nimeamua kuwaaga. Nikaosha uso, nikasimama jikoni, nikakohoa. Ndipo Evaristo akaingia na simu, akanisomea walichoandika usiku. Kwamba katika safari yao yote hawajaona nyumba kama hii. Joto. Usafi. Familia ya kimya, yenye ukarimu, inayokaa na mgeni bila kumchosha kwa maneno. Nyota zote!

Simu ya Velta ikalia papo hapo. Ameshasoma. Kauliza familia gani hiyo, nimeokota watu wapi? Nikasema ni marafiki. Kasema ajabu, sikuwahi kuwa nao. Lakini kasema sawa, sifa ni sifa, ingawa Jumapili lazima aje aone kwa macho yake kwanza.

Sasa niwaage, halafu nani atachochea jiko mbele ya Velta? Wacha wakae. Siku mbili tatu zitawadhuru nini?

Alasiri Benedita kaniambia, huku anapaka siagi kwenye mkate, kwamba yule bwana wa kona ameacha kutazama ukuta. Amegeuka. Sasa amesimama mlangoni pa kijistoo changu. Nikauliza, uso wake ukoje? Benedita akaweka kisu chini. Alifikiri sana. Kisha akaomba chai nyingine.

Sikulala kijistooni. Nimekaa kitako bafuni na blanketi.

Jumamosi, 9 Novemba

Wareno wameondoka na basi la Tallinn. Wamenikumbatia. Benedita akarudi jikoni kuaga, akakibusu kitu hewani juu ya kiti cha Bi Otīlija, mashavu yote mawili. Evaristo akatoa kofia. Hakuna aliyekwenda karibu na mlango wa kijistoo.

Mara tu walipokata kona nikasimama sebuleni, nikasema maneno ya bibi. Mmekula, mmekunywa, shikeni njia yenu. Nikarudia kwa sauti. Kuni zikaanguka jikoni, mtu kaongeza moto. Nikarudia tena kwa ukali, na sauti ikanikatika, kwa sababu nilihisi mtu anapumua karibu na sikio langu, pumzi ya baridi yenye harufu ya udongo.

Nimeelewa. Si wafu wangu. Njia yao siijui, nao hawanitambui. Watanisikiliza kwa lipi?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sina jembe. Nikaweka koleo la theluji kando ya viti, waone haya waondoke. Nilipotoka tena ua wote umefagiwa, majani yamepangwa marundo, koleo limeoshwa limerudishwa mahali pake. Hawakuondoka! Wamefurahia kazi!

Na kitanda changu kijistooni kina joto. Nimekigusa. Kuna shimo la kichwa kwenye mto.

Nilikaa ngazini nikashika tama. Kesho Velta anakuja. Akimkuta yule wa pembeni, nyumba itauzwa kabla bukini hajaiva. Na mimi nitaishi wapi? Hapa ndipo nilipozaliwa. Sina kwingine duniani. Nimebaki na mtu mmoja tu anayewaweza watu wakaidi.

Giza lilipoanza kuingia nikaweka kikombe chake chenye ufa, mkate wa kisibiti, kipande cha siagi. Nikaita polepole, kama mtoto aliyevunja kitu. Mama. Njoo uone.

Kisha mlango wa kabati ukafungwa, pa! Wa pili, pa! Wa tatu! Ndivyo alivyofanya siku zote akikasirika, kabati kwanza, watu baadaye. Mlango wa nyumba ukafunguka wenyewe. Upepo ukanipita ukishuka ngazi, wenye mchanga. Ukapita wa pili, wenye harufu ya moshi. Wa tatu ulichelewa. Ukasimama mbele yangu. Nikafumba macho, nikamsikia mtu anasukumwa mgongoni, nao ukapita. Mlango ukafungwa.

Jumapili, 10 Novemba

Velta kaja na bukini. Zenta kaja na kalamu, na viatu vyake vya ndani, ameshajiona yuko kwake.

Velta kaingia jikoni kuweka bukini kwenye oveni. Hakutoka. Tukakaa sebuleni, mimi na Zenta, hatutazamani. Tukamsikia Velta anaongea. Akanyamaza, kama mtu anayesikiliza. Akacheka. Halafu akalia, kilio cha kuzuia na mkono.

Alipotoka macho mekundu. Kamwambia Zenta, dada yangu, chukua kalamu yako. Mama hataki. Zenta kasema mama yenu amezikwa, msinifanye mtoto. Akachungulia jikoni. Sijui aliona nini. Alipita pale mbele yangu mweupe kama chaki, kiatu kimoja kimebaki kizingitini.

Nyumba haiuzwi! Nilitaka kupiga makofi. Badala yake nikakimbilia jikoni.

Kiti. Meza. Kikombe kitupu. Hakuna mtu. Nikaita mama. Hakuna kitu. Nikazunguka meza, nikachungulia hata nyuma ya jiko. Wageni wa nchi ya mbali waliona wafu wa watu wengine, Zenta kamwona mama yangu, mimi mwanawe naona kiti! Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia kwa sauti.

Velta kanishika bega. Kasema tulia wewe, amekaa hapo hapo, anakutazama. Nikauliza anasema nini juu yangu. Velta akasikiliza. Kasema anauliza kama umekula.

Kisha kukaja sharti, kwani mama ni mama. Wageni basi. Nyumba hii haipangishwi tena, na wafu wa watu hawachezewi. Niape. Nikaweka mkono juu ya mkate, nikaapa, machozi bado yananitiririka. Velta kasema mama ameitikia kwa kichwa. Velta naye anabaki hapa, hataki kumwacha.

Bukini alikuwa mtamu. Nilikula karibu na kile kiti.

Jumatatu, 11 Novemba

Ujumbe umeingia asubuhi. Waswidi wanne! Wako safarini, wana siku chache Riga, wamesoma maneno ya Wareno, wanaitaka ile familia ya kimya.

Nimeapa. Kiapo ni kiapo. Nikajibu nasikitika. Nikafuta. Nikafikiri tena.

Mama alisema nyumba hii. Nyumba! Ghala la viazi kule chini ya ngazi hakulitaja. Na Velta kaniambia mwenyewe, kwenye chai, kwamba wale watatu mama aliwafungia huko mpaka njia yao ipatikane. Kwa hiyo wapo. Wamekaa bure. Bi Otīlija anajua kuchochea moto, Kapteni ana mabuti yake, na yule wa pembeni atazoeleka, mbona mimi nimeanza kumzoea?

Nimeteremsha vitanda. Nimeweka zulia juu ya udongo. Taa haikai, inazimika kila nikigeuka, na mtu ananinyooshea shuka upande wa pili kabla sijalishika. Nimesema asante. Waswidi nimewajibu karibuni sana.

Velta ananiita kutoka juu. Kasema mama anauliza ninafanya nini huko gizani. Nimemwambia amwambie napanga viazi.