Mizinga ya Nyuki na Mafindofindo Yangu

Jumapili, 3 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, na nikimaliza kuliandika nalisukuma daftari chini ya godoro: mimi napenda kuugua.

Si kuugua sana. Kuugua kwa kiasi. Homa ya kuguswa paji la uso, basi. Mama ni fundi cherehani na kichwa chake kimeinama tangu asubuhi. Ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza upande gani, bila kuinua macho. Lakini ukiugua, cherehani inanyamaza. Macho yanainuka. Yanakutazama wewe, si mshono.

Leo nimepata mafindofindo. Makubwa! Daktari wa kliniki alinimulika kooni, akasema lo, akaandika antibayotiki. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na dozi imalizwe. Nikajitahidi nisitabasamu. Ijumaa kuna mdahalo shuleni, na mwalimu wa Kiswahili amenichagua mimi kuwa msemaji wa kwanza. Mimi! Ninayeitika jina langu kwa kunong'ona! Mtu asiye na koo hasemi. Mungu mkubwa.

Nyumbani Mama akanikabidhi ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Kiingereza kitupu, maandishi madogo kama yameandikwa na sisimizi. Akasema mwanangu, nimekusomesha lugha mbili, haya, tusomee. Mdogo wangu wa kike akasogeza kigoda. Huyu tunamwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia haina tena mwenyewe.

Nikatafsiri. Kichefuchefu: nikasoma. Kuharisha: nikasoma. Kizunguzungu: nikasoma, na hapo ndipo akili ilipochemka. Nikaendelea kwa sauti ile ile ya kitaalamu. Mgonjwa asiguse maji ya sabuni. Mgonjwa asizungumze mbele ya watu zaidi ya watano. Mgonjwa alale karibu na mtu mzima mwenye kazi ya kukaa.

Redio akauliza karatasi imejuaje habari za sabuni. Nikamwambia sayansi imesonga mbele. Mama hakusema kitu. Alikuwa akitafuta sindano, nadhani.

Mstari mmoja niliuruka. Umeandikwa kwa wino mzito: acha dawa na umwone daktari mara moja ukipata "hives". Neno hili nalijua vizuri, lilikuja kwenye mtihani wa darasa la sita. Mizinga ya nyuki. Acha dawa ukipata mizinga ya nyuki! Nani amewahi kumeza kidonge akaota mizinga? Kiwandani wamechanganya karatasi na ya wafuga nyuki. Ningeusoma, Redio angesema nabuni, na uongo wangu mzuri wote ungeharibika kwa sababu ya ukweli wa kipuuzi.

Jumatatu, 4 Machi

Mafanikio! Mama amelitandika godoro langu sebuleni, ubavuni mwa cherehani. Nalala kati ya majora ya vitambaa kama mtoto wa mfalme. Redio anaosha vyombo vyake na vyangu. Anavigonganisha makusudi. Anaimba wimbo aliotunga mwenyewe, una neno moja tu, nalo ni "mwongo".

Mama kila baada ya muda anainuka, ananishika kidevu, anaugeuza uso wangu kwenye mwanga, kushoto, kulia, kama anakagua kola. Raha!

Baadaye. Raha imeingia dosari. Ile kuharisha niliyoisoma imekuja. Ya kweli. Tumbo lilinguruma kama lori linalopanda mlima. Nikakimbilia chooni. Redio yuko ndani! Nikagonga. Akajibu kwa sauti ya kitaalamu kwamba aliye ndani asisumbuliwe. Nikamwahidi peremende. Nikamwahidi peni yangu ya rangi nne. Nikamwahidi urithi wangu wote. Akafungua, taratibu, kama mtu anayefungua benki. Nilifika. Kwa shida, lakini nilifika.

Peni ya rangi nne imekwenda. Sasa naandika kwa penseli.

Jumanne, 5 Machi

Pigo! Redio amerudi kutoka shuleni na salamu za mwalimu. Mdahalo hautafanyika bila mimi. Umesogezwa hadi Jumanne ijayo, na darasa zima limekubali kunisubiri. Redio anajisifu kwamba yeye ndiye aliyemhakikishia mwalimu nitapona haraka. Nimezungukwa na watu wema. Ni hatari.

Kwa hiyo lazima niugue mpaka wiki ijayo. Na koo lenyewe linanisaliti, linapona! Leo nimemeza mate bila maumivu, kwa siri.

Jambo jingine. Tumboni na mapajani pameota mabaka. Mekundu, yamevimba, yanawasha kama upupu. Yana mipaka kama ramani. Nikiyakuna, nchi mbili zinaungana zinakuwa moja. Nadhani ni kunguni. Au lile jora la sufu nililolazwa kando yake.

Nimeamua kunyamaza. Nikitaja kunguni, Mama atalibeba godoro juani, na mimi nitarudishwa chumbani kwa Redio, mbali na cherehani. Hapana! Nimevaa shati la mikono mirefu, nimefunga vifungo mpaka shingoni. Mama aliponishika kidevu jioni nikamwambia nasikia baridi. Akaniongezea blanketi. Nikameza kidonge mbele ya macho yake, mtoto mtiifu.

Jumatano, 6 Machi

Naandika nikiwa kwenye kitanda cha kliniki, nyuma ya risiti ya vifungo niliyoikuta mfukoni.

Asubuhi nilihisi mdomo wa juu mzito. Nikajitazama kwenye kioo cha wateja. Mdomo ulifika kabla yangu! Jicho la kushoto limebaki ufa. Nikajifunika shuka gubigubi. Redio akalivuta. Akaniangalia, akauliza kaka, umembusu nani, pasi ya mkaa? Kisha akaacha kucheka. Sijawahi kumsikia Redio akiacha kucheka katikati. Akapaza sauti kumwita Mama, na mtaa mzima ukapata habari.

Mama akaiacha sindano ndani ya gauni la bibi harusi. Huwa hafanyi hivyo. Hata siku paa lilipovuja alimaliza mshono kwanza. Akavifungua vifungo vyangu kwa mkupuo mmoja, viwili vikaruka, na alivishona mwenyewe. Akaiona ramani. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu jana. Hakufoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Akauliza tu kama napumua vizuri. Nilitaka kusema ndiyo. Hewa ikaja nusu.

Pikipiki. Mimi katikati, Mama nyuma amenikumbatia kama robota. Alimwambia dereva kaka yangu, huyu ni mwanangu, kimbiza. Alikuwa amevaa kandambili moja, ya pili sijui ilibaki wapi. Futi kamba yake bado ilining'inia shingoni, inanichapa mgongoni kila kona. Kifua kilibana, kikapiga filimbi. Nikawa nawaza upuuzi, kwamba nikifa vyombo vyote vitabaki kwa Redio, na safari hii kihalali. Nikamwonea huruma. Nikataka kumrudishia wimbo wake na kumwambia uko sahihi.

Sindano ya paja. Nyingine ya mkono. Moyo ukaenda mbio, kisha polepole hewa ikarudi nzima. Sikujua kwamba hewa ni tamu.

Daktari akauliza kama kuna mtu nyumbani aliyeisoma karatasi ya dawa. Mama akaninyooshea kidole, kwa fahari bado! Akasema huyu hapa, anajua lugha mbili. Daktari akanigeukia, akataka kujua kwa nini basi sikuacha dawa mabaka yalipoanza, na imeandikwa kwa wino mzito. Nikajibu kwamba imeandikwa mizinga ya nyuki.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Muuguzi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi nje. Tuliisikia kazi yenyewe: alikuwa akicheka huku akipiga ukuta.

Daktari, alipoweza kusema, akaeleza kwamba neno hilo lina maana ya pili, mabaka haya haya yanayowasha. Kwamba mwili wangu unaikataa penisilini na ndugu zake wote, na nisiwameze tena maishani. Kwamba kidonge kimoja zaidi, na koo lingeweza kuziba kabisa. Mama alikuwa akiikunja futi kamba, anaikunjua, anaikunja tena.

Alhamisi, 7 Machi

Tumerudi nyumbani. Midomo imerudi saizi yake. Godoro bado liko sebuleni. Sikuuliza.

Mama alimaliza kwanza pindo la gauni la bibi harusi. Kisha akasema, macho kwenye mshono, kwamba ile Jumapili nilipolala aliipeleka karatasi kwa dada wa duka la dawa asomewe upya. Mstari kwa mstari. Mabaka, midomo, pumzi. Ndiyo sababu alikuwa akinigeuzageuza uso kwenye mwanga. Maji ya sabuni walitafuta mbele na nyuma, hawakuyaona.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza, kama alijua, mbona aliniacha. Akakata uzi kwa meno. Akasema kwa sababu ulikuwa unakaa hapa karibu. Siku nyingine unapita hapo mlangoni kama mpangaji, shikamoo Mama, marahaba, umeshatoweka. Angalau wiki hii nimekusikia ukikoroma.

Sikoromi.

Kisha akainua macho. Akasema uongo wa vyombo nilikuachia, baba, ulikuwa uongo wa kitoto. Uongo wa shati ungenizika mzima mzima. Akarudi kwenye cherehani, lakini uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nikamtungia mimi. Redio alikuwepo, na hakusema neno. Hili liwekwe kwenye kumbukumbu.

Jumamosi, 9 Machi

Mama ameshona! Kwenye kola ya kila shati langu, la shule na la nyumbani, kwa uzi mwekundu: ASIPEWE PENISILINI. Nje! Nilimsihi aweke ndani. Akauliza nikizimia barabarani nani atakuwa na muda wa kunipekua kola.

Redio anasema nimekuwa bidhaa, nina lebo. Ameuliza tarehe ya kuisha muda itashonwa wapi. Mimi nisiyependa kutazamwa nitasimama jukwaani Jumanne na shingo inayosomeka!

Lakini herufi ya kwanza Mama aliifumua na kuishona upya, kisha akaifumua tena, mpaka ikanyooka. Nimepitisha kidole juu yake alipokwenda jikoni. Iko imara.

Vyombo ni vyangu mwezi mzima. Nimekubali. Nimebadilika kabisa. Nimemwahidi Mama kwamba kuanzia sasa nitatafsiri kila neno, zuri na baya, kama lilivyo.

Jumatatu, 11 Machi

Mafindofindo yalikuwa hayajaisha, kwa hiyo tangu Alhamisi natumia dawa nyingine, ya ukoo tofauti, yenye karatasi yake. Leo Mama kaniambia haya, msomi, tusomee. Nimemsomea mstari kwa mstari, kwa uaminifu mkubwa. Karibu yote.

Karibu, kwa sababu mdahalo ni kesho. Pale palipoandikwa kwamba dawa inaweza kuleta usingizi, ulimi uliteleza kidogo ukaongeza: hasa siku za Jumanne. Redio akakohoa. Mama hakusema kitu. Alikuwa akitafuta sindano, nadhani.

Na mstari mmoja tu niliuruka, wa chini kabisa. Safari hii si uzembe! Nilifungua kamusi kwanza, kama msomi. Mstari unasema nimwambie daktari nikipata "thrush". Kamusi inasema: ndege mdogo mwenye sauti nzuri. Kuna na maana ya pili, lakini iko ukurasa wa nyuma, na mikono yangu ilikuwa na sabuni ya vyombo. Jamani! Mizinga nilikosea, nakiri. Lakini ndege? Ndege atapitia wapi?

Vinginevyo afya yangu ni njema, mpaka godoro limerudishwa chumbani. Koo safi. Ulimi tu umekuwa mweupe tangu asubuhi, una utando kama maziwa yaliyoganda, na unachoma nikinywa chai. Nadhani ni chai yenyewe. Nimeamua nisimsumbue Mama. Nitaufunga tu mdomo mpaka…

Cherehani imenyamaza.

Kandambili kwenye korido. Zote mbili, ameipata ile nyingine. Redio ametangulia, anatangaza kwamba dada wa duka la dawa amesoma mpaka mstari wa mwisho na amesema nitoe ulimi. Daftari chini ya godoro! Penseli pia! Mdomo ufungwe, macho yafungwe. Nimelala. Ni dawa. Kesho ni Jumanne.