Chuma cha Rumonge Hakina Kasoro

Iwafikie wakazi wote wa Rumonge, kuanzia gatini hadi Minago, kwamba haujapata kutokea kando ya ziwa hili mji wenye chuma kizima kama mji wetu ulivyokuwa chini ya uongozi wangu. Mimi ni Taha, Prezida wa Kamati Kuu ya Kasoro Zilizojificha Ndani ya Chuma. Tulipima boti, mageti, baiskeli na mashine za mawese, na hakuna kasoro hata moja iliyothubutu kujitokeza mbele ya Kamati.

Mafanikio haya tuliyapata kwa mashine ya kisasa. Unagusisha kichwa chake kwenye chuma, nacho kinapeleka ndani sauti ambayo sikio la raia haliwezi kuisikia. Kama ndani kuna ufa, sauti inaugonga na kurudi, na kwenye kioo mstari unaruka juu. Fundi Saif, aliyetuletea mashine kutoka Bujumbura, alisisitiza mambo mawili tu: tuvue nailoni iliyofunika kile kichwa, na tupake jeli kwenye chuma, kwa sababu sauti hiyo haipenyi hewa. Tulimshukuru sana, tukampa ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa kupeleka nyumbani, akaenda zake.

Sasa jamani, kitu cha serikali unakivuaje nailoni? Viti vya ofisi yangu vina nailoni. Friji ya nyumbani kwangu ina nailoni tangu harusi. Kitu kikishavuliwa kimeshazeeka, na Kamati haikuundwa ili kuzeesha mali ya umma. Jeli nayo tulimkabidhi makamu wangu Karimu, anayeshughulikia itifaki, na nywele zake tangu hapo zimeiletea Kamati sifa kubwa. Tukapima hivyo hivyo, kavu. Mstari ulilala kila mahali kama mlevi, na kila ulipolala tuliandika "kizima".

Usumbufu ulianzia Minago, kwa Mama Zuwena, mwenye mashine ya kukamua mawese. Alikuja ofisini akinuka chikichi, akakaa, nailoni ya kiti ikapiga kelele.

"Amahoro, Bwana Prezida. Ile shafti yenye inazungusha mashine yangu, iko inalia. Iko na ufa mule ndani."

"Mama, shafti yako ilipimwa. Ni nzima."

"Inalia, baba. Na Raisa, mutoto wa dada yangu, ndiye anatiaka chikichi pale pembeni. Ikikatika itaenda na mukono yake. Niruhusu nitie ingine."

Nilimweleza kwa upole kwamba kung'oa chuma kilichothibitishwa ni kuidharau Kamati, na kusimamisha mashine msimu wa chikichi ni kuhujumu uchumi. Aendelee kukamua, na Raisa aendelee kusimama pale pale. Sikuwa na ubaya na mtu.

Kesho yake akarudi na kitu kizito kilichofungwa kwenye kitenge. Akakifungua mezani kwangu. Ilikuwa shafti ya jirani yake Amisi, imekatika vipande viwili. Amisi mwenyewe alinusurika chupuchupu.

"Hii pia mulisema nzima," akasema. "Pimeni tena."

Kamati haikimbii changamoto. Karimu akapima kipande cha kwanza: kizima. Akapima cha pili: kizima.

"Lakini si imekatika!"

"Mama," nikamwambia, "sisi tunashughulikia kasoro zilizojificha. Hii haijajificha, kila mtu anaiona. Peleka Idara ya Kasoro za Wazi."

"Iko wapi hiyo?"

"Bado haijaundwa."

Akavifunga vile vipande kwenye kitenge chake, kisha akatabasamu. "Murakoze, asante sana, Bwana Prezida. Basi mukuje mutuzindulie hii mashine yenye iko nzima. Tutaita na wakubwa."

Sijawahi kukataa kuzindua kitu.

Siku ilipofika palikuwa na turubai, Fanta baridi na mgeni rasmi kutoka Bujumbura mwenye suti nyeusi. Pikipiki zilijaa hadi barabarani. Nilihutubia vizuri. Nilisema shafti ile itazunguka mpaka wajukuu wetu wachoke kuitazama, na watu wakapiga makofi. Ndipo Mama Zuwena akachukua kipaza sauti.

"Wakubwa wetu, hapa kwetu mafuta ya kwanza ni ya mwenye anazindua, na anayakamua yeye mwenyewe. Bwana Prezida ndiye ametuhakikishia hii chuma. Leo Raisa apumuzike. Bwana Prezida atasimama pale Raisa anasimamaka."

Vigelegele vikapaa. Raisa, msichana mwenye adabu, akanivua koti na kunikunja mkono wa shati hadi begani.

"Usiogope, baba," akaninong'oneza. "Ikilia, ni vile iko kila siku."

Moteri ikawaka, shafti ikaanza kuzunguka, na ikalia kweli. Niliutazama mkono wangu wa kulia, ule ninaotilia saini, nikaupenda ghafla kuliko nilivyowahi kupenda kiumbe chochote. Niliogopa, ndugu wananchi, niliogopa sana. Miguu ikarudi nyuma bila kuomba kibali.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zimeni! Itoeni hiyo shafti, ina ufa!"

Minago nzima ikaangua kicheko. Hata Karimu alicheka, nywele zikimetameta. Shafti ikatolewa, fundi mmoja wa pale Minago akaipiga nyundo, ikaachana katikati kama muhogo uliooza. Raisa akaushika mkono wake mwenyewe akaukumbatia kifuani, akalia, na ndugu zake wakalia naye.

Mgeni rasmi peke yake hakucheka wala kulia.

"Umejuaje, bila mashine?" akaniuliza.

"Kiongozi anahisi, Mheshimiwa."

Akafikiri. "Huyu anapima kuliko mashine," akawatangazia watu. "Kamati imevunjwa, yeye abaki. Chuma chochote chenye mashaka, asimamishwe yeye kwanza. Akirudi nyuma, chuma kibadilishwe."

Walishangilia kuliko walivyowahi kushangilia hotuba yangu yoyote. Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo kutoka prezida hadi kuwa chombo cha kupimia. Pikipiki inanifuata alfajiri kabla sijanywa chai. Nimelazwa chini ya lori lililoinuliwa na jeki kule Bugarama. Nimesimamishwa chini ya tangi la maji la shule huku wanafunzi wakinitazama miguu. Mama Zuwena ndiye aliyechaguliwa kupanga safari zangu, na anazipanga kwa bidii ambayo ofisi yangu haikuwahi kuiona. Juzi nilimwomba mapumziko, nikamwambia moyo unanienda mbio usiku.

Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Pole, baba. Lakini mimi nakuona uko muzima."

Kesho nasubiriwa Muhuta. Kuna boti mpya ya chuma, nimepangiwa kuipeleka hadi katikati ya ziwa, peke yangu, na mimi sijui kuogelea.