Kwa Hisani ya Kap

Wakazi wa mtaa wa Santa Apolonia walitangaziwa, kwa kipaza sauti na kwa furaha kuu, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mfanyabiashara mdogo atakayerusha mtandaoni video ya kutafuta wateja bila sura ya Kapteni Eleuterio Mangubat, kiongozi wa mtaa. Sura ionekane pale video inaponoga zaidi, isizibwe na kitu, isipungue kipimo cha kamati, na isindikizwe na maneno "Haya yote ni kwa hisani ya Kap." Kap akiwepo, asimame mwenyewe. Asipokuwepo, awakilishwe na bango. Atakayekaidi atafungiwa biashara. Lengo lilikuwa kuwasaidia.

Luzviminda Catapang alilisikia tangazo akiwa amelala chini ya lori lake akikaza nati, na akatukana kimoyomoyo. Lori lenyewe ni la kunyonya vyoo, aliloachiwa na marehemu mumewe. Wateja walikuwa wamehamia kampuni ya mjini yenye video za kupendeza, muziki na wasichana waliovaa glavu za waridi. Minda alikuwa amejipa muda mpaka sikukuu ya mtakatifu wa mtaa: wateja wasiporudi, lori linauzwa, na yeye anakwenda Dubai kusugua sakafu za watu, amwache binti yake Isay kwa bibi, mtoto ambaye ndiyo kwanza anang'oka meno ya utotoni. Wazo hilo lilimuuma kila alipomsuka mtoto nywele. Wiki iliyopita alikuwa amerusha video yake ya kwanza, simu zikaanza kuingia. Sasa ndiyo hili.

Akaenda mbele ya Kamati ya Uratibu wa Maudhui na Mvuto. Katibu wake, Bi Perpetua, aliitazama video akiwa na rula mkononi.

"Sura ya Kap siioni."

"Kap hakuwepo, mama. Hicho ni choo cha watu."

"Hilo si tatizo la kamati, mwanangu."

Kapteni mwenyewe akatoka ofisini na kumkabidhi bango lake: meno yote nje, dole gumba juu, jua likichomoza nyuma ya kichwa.

"Kap, una uhakika?" Minda aliuliza, maana huruma kidogo alikuwa nayo. "Kazi yangu si unaijua?"

"Dada Minda, acha woga. Sokoni niko kwenye samaki, saluni niko kwenye vioo. Maendeleo hayachagui pa kukaa."

"Basi sawa, Kap. Mimi nani nikatae?"

Sasa, katika kazi ya Minda, video hunoga mahali pamoja tu, pale mfuniko wa shimo unapofunguliwa. Kabla ya hapo ni mtu anaburuta mpira wa kunyonyea. Minda, akiwa raia mtiifu, alilitundika bango nyuma kabisa ya shimo, na shemeji yake Dodong akashika simu. Mfuniko ukanyanyuka. Yaliyomo yakatoa povu. Kap akatabasamu, dole gumba juu, na Minda akatamka kwa sauti ya mtu anayesali: "Haya yote ni kwa hisani ya Kap."

Kamati ilipima sura ikakuta inazidi kiwango. Ikapiga muhuri bila kuangalia kingine, kwa kuwa kingine hakikuwa kwenye majukumu yake.

Kufikia kesho yake mchana mji mzima ulikuwa umeiona. Kufikia jioni ilishavuka kwenda visiwa vingine, na simu ya Minda haikupumzika.

"Dada, Kap wetu amejaa, njoo umnyonye."

"Wa kwetu kila mvua ikinyesha anarudi juu. Una nafasi kesho?"

Minda alichukua anwani bila kucheka, kisha akakata simu na kucheka mpaka Isay akaja kumpepea. Jioni hiyo alimpigia wakala wa Dubai kumwambia amtafute mtu mwingine.

Kapteni akamwita mbio. "Futa! Toa sura yangu humo!"

"Nikiitoa nafungiwa biashara, Kap. Agizo ni lako."

Kap akamgeukia Bi Perpetua. Bi Perpetua akaeleza kwamba agizo haliwezi kutenguliwa kwa sasa, kwani Meya amelipenda, na siku ya sikukuu anakuja kulitunuku tuzo. Kap akaomba maji ya kunywa.

Sikukuu ikafika. Meya alikula nguruwe wa kuchoma bila kujizuia, akaisikiliza hotuba ya kwanza, na katikati ya hotuba ya pili akanong'ona kuomba choo. Choo cha ofisi ya mtaa kilikuwa kimefurika tangu asubuhi. Kampuni ya glavu za waridi haikupokea simu.

"Dada Minda, nakuomba," Kap alisema kwenye simu. "Njoo sasa hivi. Na usirekodi."

Lori likaja. Meya, amebana miguu, jasho linamtoka, akang'aka: "Usirekodi nini? Si ndilo agizo lenyewe nililokuja kulitunuku? Rekodini! Ila fanyeni haraka!"

Minda akaanza kukunjua bango. Bi Perpetua akanyanyua rula.

"Hapana. Kap yupo. Akiwepo, anasimama mwenyewe."

Hakuna aliyewahi kuona kamati ikifanya uamuzi kwa kasi ile. Kap, katika shati lake jeupe la sikukuu, akasogezwa taratibu hadi nyuma ya shimo. Mtaa mzima ukainua simu.

"Dole gumba, Kap," Minda alisema kwa heshima zote, mikono tayari kwenye mfuniko. "Na yale maneno, leo utayasema mwenyewe."