Yangeyange wa Saruji

Wewe. Ndiyo, wewe unayesoma huku umeligeuzia dirisha kisogo. Siku malori ya kifusi yalipoingia mtaani nilikuona ukivuta pazia na kuongeza sauti ya redio. Usiseme hukujua. Vumbi liliingia hadi kwenye chai yako, ukalikoroga, ukanywa.

Basi nikukumbushe, maana mimi sisahau. Halmashauri yetu tukufu ilitangaza, kwa tarumbeta na utepe wa kukatwa, kwamba uhifadhi wa ndege wa majini umekamilika kwa asilimia mia moja. Imebaki kazi ndogo tu: kufukia kinamasi wanamoishi ndege hao, ili yajengwe maegesho ya magari ya wageni watakaokuja kuwatazama. Mpango hauna kasoro. Mgeni atatazamaje ndege kama hana pa kuegesha gari?

Kinamasi hicho kiko nyuma ya nyumba zetu, na ndicho kinachomeza maji ya mvua. Mwaka ule walipofukia kona yake moja tu, wajenge choo cha heshima cha wakubwa, mvua ilikosa pa kwenda ikaja kwetu. Mama mkwe wangu miguu haimbebi. Tulimtoa chumbani amelala juu ya mlango tuliong'oa. Wewe ulipiga picha.

Wifi yangu, binti wa mama huyo, ni mwalimu wa hesabu na mwenyekiti wa klabu ya watazama ndege. Kila Jumamosi klabu ilitoa mafunzo katika darasa la shule ya msingi: ndege yupi anakula nini, anataga wapi, na kwa nini bila kinamasi mtaa mzima utaogelea. Watu wakaanza kujaa. Wakaanza kuuliza maswali. Hapo ndipo Halmashauri ilipogundua kwamba elimu imeanza kuelimisha, jambo ambalo halikuwa kwenye bajeti.

Afisa Mazingira akaja mwenyewe, suti imenyooshwa pasi mpaka inakata.

"Mwalimu, haya mafunzo yana kibali?"

"Yana ndege, mheshimiwa. Kibali sijawahi kukiona kikiruka."

"Usinifanyie mzaha, dada yangu. Kuanzia leo mafunzo yote ya ndege yatafanyika makao makuu, chini ya usimamizi. Na neno kinamasi halitumiki. Sema eneo lenye unyevu ambao haujaratibiwa."

"Na chura?"

"Chura gani?"

"Wa kwenye unyevu."

"Chura asubiri awamu ya pili."

Amri hiyo ilikuwa na sababu. Majaji wa tuzo ya mji rafiki wa ndege walikuwa njiani, nao walitaka vitu viwili: sheria ya kulinda ndege, na ndege. Sheria ndogo ilipitishwa asubuhi moja kabla ya chai, bila kusomwa. Ni marufuku kuwasha mashine, kukata tawi au kuleta bughudha chini ya mti wenye kiota cha ndege wa majini, hadi vifaranga waruke. Ndege wenyewe walitoka kwa fundi saruji. Kundi zima la yangeyange, weupe kuliko dhamiri ya aliyewaagiza, likapangwa kwenye nyasi, ukutani na juu ya paa la makao makuu. Hawali, hawanyi, hawadai kinamasi. Ndege wa kisasa.

Ilibaki sauti. Wakamtaka wifi alete aliyoirekodi, wakafunga vipaza sauti kwenye miti ya uani. Afisa akasikiliza, uso ukajikunja.

"Mbona wanakoroma kama mzee mwenye kikohozi? Hawana wimbo mtamu?"

"Huo ndio wimbo wao wakiwa kwenye viota. Na nakuonya, mheshimiwa, yangeyange ni ndege wa kufuata umati. Akiona weupe wa wenzake na kusikia sauti hiyo, anajua hapo pana usalama. Anakuja kutaga."

"Mwalimu, hao ni saruji!"

"Mimi najua. Wao hawajui."

"Onyo lako limepokelewa," akasema Afisa. Kwa lugha ya ofisi ile, limezikwa.

Wifi akalirudia onyo hilo kwenye mafunzo ya makao makuu, mbele ya wote. Mkurugenzi wa Halmashauri alikuwa kiti cha mbele, amelala kwa heshima zote. Majaji wakaja, wakapiga makofi, wakaacha tuzo.

Kisha yakaja malori yako, yale ya pazia. Yakamwaga kifusi pembeni mwa kinamasi. Matingatinga ya kukisambaza yakaegeshwa makao makuu chini ya miti, kwa kuwa madereva wanapenda kivuli. Vijana wa Halmashauri wakaingia kinamasini na madebe, wakayapiga ili ndege wahame kwa hiari. Yangeyange wakapaa wote kwa pamoja, kama shuka lililong'olewa kwenye kamba na upepo. Wakazunguka, wakazunguka. Waende wapi?

Vipaza sauti vilikuwa bado vinakoroma. Aliyeidhinisha viwashwe hakuwa na mamlaka ya kuvizima.

Wiki haikuisha, kila tawi la makao makuu likawa na kiota, na gari jeusi la Mkurugenzi likawa jeupe.

"Washa mashine!" akafoka. "Wakisikia muungurumo watatoka!"

"Bosi, sheria inakataza," akasema dereva wa tingatinga.

"Sheria ya nani?"

"Sahihi ni yako, bosi. Iko pale getini, kwenye fremu, chini ya tuzo."

Kitu kizito, cheupe, kikamdondokea Mkurugenzi begani.

"Hiyo ni baraka, bosi," askari wa geti akamfariji.

Gari lake nalo liko chini ya mti, na kuliwasha ni bughudha. Siku hizi Mkurugenzi anakwenda kazini kwa miguu. Njia ya mkato inapita kinamasini. Juzi wifi alimkuta humo, viatu mkononi, tope magotini.

"Mwalimu, hii njia ina unyevu sana."

"Ambao haujaratibiwa, mheshimiwa."

Haya, cheka umalize, halafu nisikilize. Vifaranga wameota manyoya. Kila asubuhi wanasimama ukingoni mwa viota wanapigapiga mabawa. Siku wa mwisho akiruka, sheria imekwisha kazi yake, na matingatinga yatawaka kuja nyuma ya nyumba zetu. Mama mkwe ameshaniuliza kama ule mlango bado unang'oka.

Jumamosi hii klabu inafanya mafunzo makao makuu, kama tulivyoagizwa. Mada ni kinamasi, na neno litatamkwa. Tutakaa getini mpaka pasiwe na pa kupita tairi, na hatuondoki hadi amri ya kufukia ifutwe na Mkurugenzi yule yule aliyeitia sahihi. Yangeyange wamekaa tu, na wamesimamisha matingatinga. Wewe huwezi kukaa?

Yangeyange hutua pale anapoona wenzake wametua. Sisi tumetua. Wa saruji tunao wa kutosha. Fungua pazia, vaa viatu, toka.